Kiti Kilichokaliwa Kabla Hakijapoa: Kisa cha Wangari Maathai, 1982

Mapema mwaka 1982, profesa mshiriki wa anatomia ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Nairobi alipeleka barua ya kujiuzulu. Alikuwa na umri wa miaka 41, na 16 kati ya hiyo ameitumikia chuoni hapo. Alitaka kugombea ubunge katika uchaguzi mdogo kwao Nyeri, na sheria ilimtaka aache kwanza ajira ya chuo. Akaiacha. Alipokwenda kuwasilisha karatasi zake akaambiwa hawezi kugombea, kwa kuwa uandikishaji wake kama mpiga kura ulikuwa na kasoro. Akakimbilia mahakamani, akashindwa. Akarudi chuoni kuomba ile barua ichukuliwe kama haikuandikwa. Zilikuwa zimepita saa chache tu, lakini kiti kilikuwa kimeshapata mtu.

Haikuishia hapo. Nyumba aliyoishi ilikuwa ya chuo, akatakiwa aiache. Mafao aliyoyatarajia baada ya miaka yote ile hakuyapata. Mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu akabaki bila mshahara, bila cheo na bila kampeni.

Kisa hiki nakitumia kila ninapoketi na kijana anayetaka nimwambie achague kazi gani. Wengi wao wamewahi kukisikia, ila katika umbo lililopigwa pasi: Wangari Maathai aliacha uprofesa akaenda kupanda miti kwa kuwa moyo ulimtuma. Haikuwa hivyo. Aliacha uprofesa akautafuta ubunge, akaukosa, akautaka uprofesa wake tena, akanyimwa. Siku ile miti haikuwa sababu ya lolote. Ukilificha jambo hilo unamharibia kijana, kwa sababu ataketi akingoja moyo umtume, na moyo wa mtu wa miaka 18 hutuma mambo matano kwa wiki.

Swali linalonishughulisha ni jingine. Mtu aliyesimama karibu na Wangari mwaka 1980 au 1981, kabla ya barua ile, angewezaje kujua anachokithamini kweli? Nadhani angejua, tena bila kumuuliza.

Nianze na fani yenyewe, maana hapo ndipo vijana wetu wanapobanwa zaidi. Kenya siku hizi mtoto wa gredi ya 9 anatakiwa achague mkondo wake wa sekondari ya juu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Wazazi hukosa usingizi. Sasa tazama Wangari alivyoingia anatomia ya ng'ombe. Alizaliwa 1940 kijijini Ihithe, Nyeri, na shuleni alipelekwa kwa sababu kaka yake Nderitu alimuuliza mama yao mbona Wangari hasomi kama wengine. Alipomaliza Loreto Limuru mwaka 1959, msichana aliyesoma alitarajiwa awe mwalimu au muuguzi. Mwaka uliofuata akapata nafasi katika mpango wa kuwasafirisha wanafunzi wa Kenya kwenda kusoma Marekani, akasoma biolojia katika chuo cha watawa mjini Atchison, Kansas, kisha shahada ya uzamili Pittsburgh. Huko Pittsburgh alijifunza kutayarisha vipande vyembamba vya tishu ili vitazamwe kwa hadubini. Ujuzi mdogo, wa mikono, ambao hakuna mtoto anayeuota.

Januari 1966 alirudi Nairobi akiwa na barua mkononi: ameahidiwa kazi ya msaidizi wa utafiti katika zoolojia. Akafika, akaambiwa nafasi amepewa mtu mwingine. Mwenyewe aliamini kwamba alinyimwa kwa ajili ya kabila lake na kwa kuwa ni mwanamke. Wakati huohuo profesa Mjerumani kutoka Giessen, Reinhold Hofmann, alikuwa akiijenga Idara ya Anatomia ya Mifugo na alihitaji mtu anayejua tishu na hadubini. Akamchukua. Kutoka hapo mambo yakafuatana: masomo Ujerumani, uzamivu mwaka 1971 kuhusu ukuaji wa viungo vya uzazi vya ng'ombe, mhadhiri mwandamizi 1974, mkuu wa idara 1976, profesa mshiriki 1977.

Kwa hiyo fani aliyoitumikia miaka 16 ilitokana na dhuluma moja, bahati moja na ujuzi wa kukata tishu. Sisemi hakuipenda. Nasema kwamba ukimchunguza kwa kuuliza "alipenda somo gani", utapata jibu la kweli lisilokuonyesha mbele yake kuna nini.

Sasa tuangalie kilichomkasirisha. Huu ni upande ambao watu wa ushauri wa kazi huuruka, wakidhani hasira ni tabia mbaya ya kurekebishwa. Pale chuoni, mwanamke aliyeolewa hakupewa marupurupu sawa na mwenzake mwanamume, nyumba ikiwemo, kwa hoja kwamba mume wake atakuwa anayapata mahali pake pa kazi. Wangari na mwenzake Vertistine Mbaya, mtaalamu wa biokemia, walilikamata suala hilo wasiliachie. Walijaribu hata njia ya chama cha wafanyakazi, ikazibwa mahakamani. Mwishowe uongozi ukaona afadhali wawili hao wapewe masharti ya wanaume, mradi kelele ziishe. Wanawake wengine wakabaki walipokuwa.

Mtu anayepigania mshahara anaweza kuwa anapigania mshahara tu, hilo silikatai. Lakini gharama haikulingana na faida. Unaweza kuwa mhadhiri mzuri, ukala mshahara wako wa pungufu kwa amani, ukapandishwa cheo bila kuitwa msumbufu. Yeye aliichukua ile lawama ya usumbufu kwa hiari yake, na ukipima uzito wa lawama hiyo katika Kenya ya miaka ya 1970, kwa mwanamke, utaona kwamba kulikuwa na kitu ambacho hakuweza kukivumilia hata kilipokuwa na bei nafuu kuvumilia. Kitu hicho kilionekana tena mwaka 1979, katika talaka yake. Alisema hadharani kwamba jaji aliyeiamua kesi hiyo ama hajui kazi ama amenunuliwa. Akahukumiwa miezi sita kwa kuidharau mahakama, akalala gerezani siku tatu kabla ya kuachiwa. Mume alimtaka aache jina lake. Akaongeza herufi moja ya "a", Mathai ikawa Maathai, akaenda zake.

Hasira peke yake haimpi mtu kazi, lakini. Watu wenye hasira ya haki wamejaa mitaani na wengi wao hawana cha kufanya nayo. Kilichonishawishi zaidi katika kisa hiki ni kupe.

Miaka ya mwanzo ya 1970 alikuwa akifanya utafiti wa ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe ambao uliwaua sana ng'ombe wa kisasa huku wale wa kienyeji wakistahimili. Kazi ilimpeleka viunga vya Nairobi kukusanya kupe kutoka masikioni mwa ng'ombe. Alichokiona huko hakikuwa katika mpango wa utafiti: mbavu za ng'ombe zinahesabika, nyasi hakuna, mito inashuka na udongo mwekundu mvua ikinyesha. Akawaza kwamba hao ng'ombe wana adui mkubwa kuliko kupe.

Mtafiti mwingine angeandika makala yake ya kupe akapata cheo, na asingekuwa amekosea. Kupe ndiye aliyelipiwa. Yeye macho yake yaliacha sampuli yakaenda kwenye ardhi. Hiyo kwangu ndiyo dalili yenye thamani kuliko dodoso lolote la vipaji: umetumwa kutazama kitu kimoja, jicho lako likakimbilia kingine, na jioni unaporudi nyumbani ni hicho kingine unachokisimulia. Mhasibu anayetumwa kukagua vitabu vya hospitali akarudi na habari za foleni ya wajawazito, huyo anakuambia jambo. Mara nyingi mwenyewe hajisikii.

Wakati huohuo alikuwa mwanachama wa Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, kazi ya kujitolea. Katika vikao vyake alisikia utafiti kuhusu watoto wa Mkoa wa Kati waliodhoofika kwa lishe mbaya, jambo la ajabu kwa eneo lenye rutuba vile. Maelezo yalikuwa rahisi na ya kusikitisha: mashamba yamechukuliwa na kahawa na chai, kuni zimekuwa adimu, akina mama wanawapa watoto vyakula vinavyoiva haraka, mikate na chai, kwa sababu vyakula vya asili vinataka moto mrefu. Wanawake wa vijijini walitaja kuni, maji safi, chakula, malisho. Akili ya Wangari ikaziunganisha mbavu za ng'ombe na chai ya watoto, akauliza: mbona tusipande miti?

Hapa hadithi iliyopigwa pasi hurukia moja kwa moja kwenye Tuzo ya Nobel. Inaliruka jambo ambalo mimi nalitumia kuliko yote, nalo ni kwamba jaribio la kwanza lilikufa kifo cha aibu. Mwaka 1974 mume wake aligombea ubunge wa Lang'ata na kuwaahidi wapigakura ajira. Alishinda. Wangari akaiona ahadi hiyo kama deni, akaanzisha biashara iliyoitwa Envirocare: maskini wapewe kazi ya kutunza bustani na kupanda miti katika nyumba za matajiri. Kitalu kilikuwa msitu wa Karura. Matajiri hawakutaka kulipa kabla ya kazi, wafanyakazi hawakuwa na nauli ya kufika kazini kabla ya kulipwa, na maji yakawa ya mgao. Mwaka 1975 akapeleka miche kwenye maonyesho ya kilimo ya Nairobi. Watu wakaitazama, wakaisifu, wakaenda zao. Mwaka uliofuata, akiwa ametoka kwenye mkutano wa makazi ya watu huko Vancouver, aliikuta miche yake karibu yote imekauka.

Nikifika hapo humwambia kijana tunyamaze kidogo. Mhadhiri anayepanda ngazi chuoni, ana watoto watatu wadogo, biashara ya pembeni imemla fedha na imemfedhehesha. Ana kila sababu ya kuachana nayo na hakuna atakayemlaumu. Akafanya nini? Akalipeleka wazo lilelile katika Baraza la Wanawake, safari hii bila matajiri ndani yake. Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, msafara ukatoka jumba la mikutano la KICC hadi bustani ya Kamukunji, ikapandwa miti saba kuwakumbuka viongozi saba waliotoka jamii mbalimbali za Kenya. Si yote iliyopona. Akaendelea.

Kuanzia mwaka huo hadi 1982, miaka mitano, alikuwa na kazi mbili. Moja ililipa na ilikuwa na jina mlangoni. Nyingine haikuwa na mshahara, na ndiyo iliyokula jioni zake. Maafisa wa misitu waliokuja kuwafundisha akina mama kuotesha miche walikuja na maneno ya kitaalamu ya kuchosha. Akina mama wakaishia kutumia akili za shambani, wakaotesha mbegu katika vyungu vilivyovunjika na sufuria kuukuu, wakalipwa senti kidogo kwa kila mche uliothibitishwa kuwa hai. Mwaka 1980 akachaguliwa mwenyekiti wa Baraza, chombo ambacho wakati huo hakikuwa na fedha za maana.

Ndiyo maana nasema mtu wa karibu angejua. Angejua kwa kutazama kilichorudiwa baada ya kushindwa, na kilichofanywa bila malipo na mtu ambaye muda wake ulikuwa na bei. Vipimo hivyo viwili humdanganya mtu mara chache. Mapenzi ya somo hubadilika na mwalimu. Cheo hutamaniwa na kila mtu, hivyo kukitamani hakukutofautishi na jirani yako.

Mshahara wenyewe nisiudharau, kwa sababu washauri wengi huudharau wakiwa wanaupokea. Mshahara wa chuo ndio uliomwezesha kujitolea miaka ile mitano. Tena kuna nyumba ya South C, mtaa wa Nairobi. Ni nyumba ndogo aliyoinunua miaka ya nyuma, na alipofukuzwa kwenye nyumba ya chuo ndimo alimohamia. Baadaye ikageuka ofisi, imejaa akina mama na makaratasi. Bila nyumba ile, sidhani kisa hiki tungekuwa nacho. Angelazimika kuchukua kazi yoyote iliyotokea mwezi ule, kama alivyolazimika baada ya talaka, aliposhindwa gharama, akawapeleka watoto kwa baba yao na kwenda Lusaka kufanya kazi ya Umoja wa Mataifa kwa miezi kadhaa. Alijua vizuri umaskini unavyomchagulia mtu kazi. Kijana akiniambia anataka kufuata anachokithamini, namuuliza kwanza analala wapi na kodi inalipwa na nani. Wengine huniona mtu wa dunia sana.

Sasa lile kosa la 1982, kama ni kosa. Kwa hesabu za kazi lilikuwa baya: aliachia ajira kabla ya kuhakikisha kwamba karatasi zake za kugombea hazina pengo, akiwa tayari na maadui serikalini. Mtu anaweza kusema aliongozwa na tamaa ya cheo, na kwamba bunge lilikuwa nje ya njia yake. Nilifikiri hivyo zamani. Lakini angalia: mwaka 1997 aligombea tena, urais na ubunge kwa pamoja, akashindwa vyote. Mwaka 2002 akagombea ubunge wa Tetu, huko Nyeri, akapata asilimia 98 ya kura. Mtu harudii jambo miaka 20 kwa tamaa ya siku moja. Nionavyo mimi, kitalu na bunge kwake vilikuwa vyombo viwili vya shehena ileile: aliyekuwa akiumia asiambiwe akae kimya angoje, apewe la kufanya kwa mikono yake. Mwaka 1989 alipoupinga mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru, hakuwa anapanda mche wowote. Alikuwa ni yuleyule wa marupurupu ya chuo.

Kwa hiyo simwambii kijana kwamba Wangari aligundua "kazi yake halisi ni miti". Ningekuwa ninamdanganya. Miti ilikuwa mpini mzuri kuliko mingine yote aliyoishika, nao ukabaki mkononi kwa sababu mingine ilinyang'anywa.

Yaliyofuata 1982 hayakuwa na utukufu wowote. Aliyeleta mlango uliofunguka alikuwa mgeni, Wilhelm Elsrud wa chama cha misitu cha Norwei, aliyefika Nairobi kutazama kama wangeweza kushirikiana na ile kazi ya miche. Mfuko wa hiari wa Umoja wa Mataifa kwa wanawake nao ulikuwa umekubali kutoa zaidi ya dola 100,000 za Marekani. Fedha zikawepo, akahitajika mratibu wa kudumu, na palikuwa na mtu mmoja aijuaye kazi hiyo miaka mitano, ambaye kwa bahati mbaya au nzuri hakuwa na ajira. Posho ilikuwa ndogo, haikaribii mshahara wa profesa. Kazi hiyo haikuwahi kutangazwa gazetini, na mwaka 1976 isingeweza kutangazwa, kwa kuwa haikuwepo. Yeye mwenyewe ndiye aliyeijenga jioni baada ya kutoka maabara.

Vijana hupata shida na sehemu hiyo. Wanataka orodha ya kazi wachague moja. Mmoja aliwahi kuniuliza, kwa heshima kabisa, "Sasa mwalimu, kwenye fomu ya chuo niandike nini?" Nilimwambia aandike kozi itakayompa ujuzi wa mikono unaouzika, kama ule wa kukata tishu ambao Wangari alijifunza Pittsburgh, kisha anitajie jambo moja ambalo amelifanya mwaka mzima bila kulipwa wala kusifiwa. Alifikiri sana. Akasema kila Jumamosi humwandikia bibi yake na wazee wa jirani barua za kudai fidia ya ardhi, kwa kuwa hawajui kusoma. Alikuwa amekuja kuniuliza kati ya udaktari na uhandisi.

Wangari alikaa bungeni miaka mitano, akawa naibu waziri wa mazingira 2003, akapata Nobel ya Amani 2004. Desemba 2007 alikosa kile kiti cha Tetu: alishindwa kwenye mchujo wa chama chake, akagombea kwa chama kidogo, akaanguka. Alikuwa na miaka 67. Safari hii hakukuwa na ofisi ya kwenda kubisha hodi kuomba kazi yake irudishwe; ile aliyokuwa nayo haikuwa imetoka mikononi mwake, na akaifanya hadi alipofariki Septemba 2011.